Shanga za kutengeneza kwa mkono: karatasi, udongo, mfupa au kifuu?

Wanaotaka kuanza kazi ya shanga huniuliza swali moja kuliko mengine yote: nianze na nini? Anayeuliza huwa ameshaona picha za shanga za kauri, yaani udongo uliochomwa, zinazong'aa, ameshika hereni za mfupa sokoni, na jirani yake anasokota kalenda za mwaka jana. Ana pesa kidogo na hataki kuzimwaga mahali pasipofaa.

Mimi hutengeneza mapambo Mombasa. Nilianza na karatasi, nikaingia kwenye udongo, nikajifunza mfupa kwa mafundi wa Nairobi, na kifuu cha nazi kilikuwapo jikoni siku zote kikingoja nikione. Zote nne nimezitia uzi na zote nne zimewahi kuniharibikia. Sitakutajia iliyo bora, kwa sababu ushanga wa hereni ya harusini na ushanga wa kiunoni haziishi maisha mamoja. Nitakueleza kila malighafi inadai nini na inakupa nini, upime mwenyewe.

Kioo nimekiacha nje kwa makusudi. Wakrobo wa Ghana wanasaga chupa, wanajaza unga wake kwenye vikalibu vya udongo na kuuchoma, na wanaifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Huku kwetu kuna mafundi wa Kitengela nje ya Nairobi na wa karakana iitwayo Shanga kule Arusha wanaotumia chupa zilizotupwa. Lakini kioo kinataka moto mkali unaodhibitiwa, na baada ya hapo kinataka kupozwa polepole la sivyo kinapasuka chenyewe mezani. Si kazi ya kuanzia barazani.

Mambo ya kupima kabla ya kununua chochote

Malighafi inapatikana wapi? Zana na moto ni kiasi gani? Kazi yenyewe inakaaje mkononi? Ushanga utastahimilije maji, jasho na kuanguka sakafuni? Una uzito gani, na tundu lake likoje? Unakudhuru vipi wewe fundi? Na mwisho, nani atanunua? Maswali ni hayohayo kwa zote nne.

Malighafi

Karatasi ndiyo rahisi kuliko zote. Kalenda zilizopitwa, mabango, majarida, mabaki ya wapiga chapa. Tafuta karatasi nzito kidogo na yenye kung'aa. Gazeti la kila siku hutoa ushanga wa kijivu na wino wake unachafua vidole. Waganda ndio waliotuonyesha watu wa eneo hili jinsi karatasi inavyoweza kulisha nyumba. Wanawake wa Kiacholi waliokimbia vita vya kaskazini na kuishi Kampala, jirani na machimbo ya mawe, walisokota shanga hizi, na shirika la BeadforLife, lililoanza 2004, likawatafutia wanunuzi ng'ambo.

Udongo uko kila mahali, ila unaofaa hauko kila mahali. Uloweshe, uviringishe uwe kamba nene kama kidole, kisha uizungushe kidoleni. Ikikatika au ikifanya nyufa nyingi, udongo huo hauna unato wa kutosha. Njia ya busara ni kununua kwa mfinyanzi ambaye ameshauchuja. Kazuri, karakana ya shanga za kauri iliyoko Karen, Nairobi, iliyoanzishwa na Susan Wood mwaka 1975 akiwa na wanawake wawili tu, hutumia udongo unaotoka upande wa Mlima Kenya. Usichanganye na ule udongo wa polima unaouzwa katika pakiti ndogo za rangi. Ule ni plastiki, huokwa kwenye oveni ya jikoni kwa nyuzi 110 hadi 130 hivi, na hauhusiani na ufinyanzi ingawa shanga zake ni nzuri.

Mfupa hununuliwa buchani au machinjioni, na muundi wa ng'ombe ndio unaotakiwa kwa kuwa ukuta wake ni mnene na umenyooka. Hapa sina utani: nunua mfupa wa mnyama aliyepimwa na daktari wa mifugo. Usiokote mfupa wa mzoga porini, kwa sababu kimeta hukaa kwenye mabaki ya mnyama kwa miaka mingi. Pembe za ng'ombe nazo zinafaa, na zina jambo ambalo mfupa hauna: ukizipasha moto hulainika na kukubali kukunjwa. Gamba la kasa na pembe ya ndovu usiguse kabisa. Sheria inakataza, na wanyama wenyewe wako hatarini kutoweka.

Kifuu, kwa mtu wa Pwani, kipo tu. Ukishakuna nazi kwenye mbuzi, ulichobakiza mkononi ni malighafi. Chagua cha nazi iliyokomaa, cheusi, kinene. Cha dafu ni chepesi na hupasuka. Wa bara atalazimika kununua nazi, lakini kifuu kimoja hutoa shanga nyingi, na nazi yenyewe unaipika.

Zana na moto

Kwa karatasi: rula, kisu kikali au mkasi, kijiti cha meno au sindano ya kufumia, gundi nyeupe, vanishi na brashi. Vyote vinaingia kwenye mkoba mmoja, na huhitaji umeme.

Kifuu na mfupa vinataka zana zinazofanana: msumeno wenye meno madogo, jiliwa ya kubania, tupa, msasa wa namba tofauti, na drili yenye biti za milimita 1 hadi 2. Mzee wa zamani angetumia keekee ya mkono, na kwa kifuu bado inatosha. Mfupa unaongeza sufuria yake peke yake, isiyorudi jikoni tena, na mota ya kung'arishia ukitaka ule mng'ao wa dukani.

Udongo hauhitaji zana nyingi, mikono na sindano nene vinatosha. Gharama yake yote imekaa kwenye moto. Udongo haugeuki kauri mpaka upite nyuzi joto 600 hivi, na ukiishia chini ya hapo, siku utakapoloana utarudi kuwa tope. Moto wa shimoni wa kuni na samadi unafika huko na kuzidi, ila hutoa shanga za rangi ya kahawia na nyeusi zisizotabirika. Mimi nazipenda hivyo, wateja wengine hawazipendi. Ukitaka zile za rangi kali zinazong'aa unahitaji joko la kufikia nyuzi 1000 au zaidi, na mara nyingi unachoma mara mbili: kwanza udongo mtupu, kisha ukiwa umepakwa glezi, yaani rojo ambalo motoni huyeyuka na kuwa tabaka la kioo. Joko la umeme ni ghali kununua na ghali kuliwasha. Wanaoanza vizuri ni wale wanaolipia nafasi kwenye joko la chuo au la mfinyanzi aliye karibu.

Kazi ilivyo mkononi

Karatasi ya A4 iweke kwa wima, weka alama kila sentimita 2 kwenye ukingo wa chini, na kwenye ukingo wa juu vilevile ila uanze sentimita 1 ndani, kisha chora pembetatu ndefu zinazopishana. Karatasi moja inakupa kama 20. Anza kusokota kutoka upande mpana, bila gundi mzunguko wa kwanza ili isinate kwenye kijiti, kisha paka gundi kidogo na endelea huku ukivuta. Macho yako yawe kwenye kingo. Ukikosea unywele mmoja mwanzoni, tabaka huteleza upande na ushanga unatoka kama konokono. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: picha iliyo kwenye karatasi karibu yote inapotea ndani. Kinachoonekana ni kingo mbili za utepe na ncha ya mwisho tu. Kwa hiyo usichague karatasi kwa ua lililo katikati, chagua kwa rangi za pembeni. Anayejifunza asubuhi, jioni ana shanga za kuvaa.

Udongo unafurahisha zaidi kushika, na ndio unaoadhibu asiye na subira. Unaviringisha vidonge viganjani, unatoboa vikiwa vimekakamaa kidogo na si vikiwa laini, unaviacha kivulini. Kila kidonge kitapungua kwa karibu sehemu moja ya kumi mpaka kitoke motoni, na tundu litapungua nacho, hivyo litoboe pana kuliko uzi wako. Shehena yangu ya kwanza ilipasuka yote. Nje zilikuwa kavu, ndani zilikuwa na maji, maji yakawa mvuke, mvuke ukatafuta njia. Mfinyanzi mmoja mama alinifundisha baadaye: ushanga uguse na shavu, si na kidole. Ukiwa wa baridi shavuni, bado una unyevu. Tangu hapo sijachoma bila kugusa shavu.

Kisha kuna tatizo la glezi, kwamba ushanga uliopakwa pande zote ukiulaza jokoni utaganda hapo hapo. Lazima utungwe kwenye nyaya zinazohimili moto, zikining'inia bila kugusana. Ndiyo maana shanga za kauri huwa ghali kuliko zinavyofikiriwa.

Mfupa unakula siku kabla hujakata hata ushanga mmoja. Unaondoa uboho, unachemsha kwa moto mdogo na sabuni, unakwangua, unaloweka tena mpaka shahamu iishe. Mfupa wenye mafuta hugeuka manjano na kunuka ndani ya miezi mitatu. Kuupa weupe, tumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Dawa ya klorini ya kufulia huula mfupa na kuufanya kama chaki. Baada ya hapo kazi inakuwa tamu. Mafundi wa Kibera wanachora nakshi kwa nta ya moto, wanazamisha kwenye rangi nyeusi, wanaondoa nta, na michoro inabaki myeupe kama batiki.

Kifuu ndicho nilichokifahamu mwisho na ninachokikalia zaidi sasa. Unavunja vipande vidogo visivyo na umbo, unatoboa kila kimoja katikati, unavitunga kwenye waya mmoja na kuvibana pande zote mbili mpaka viwe kama kijiti kilichopindapinda. Halafu unasugua kijiti chote kwa pamoja kwenye jiwe au msasa, ukikizungusha. Kingo zinaisha pole pole, na ukifungua waya una visahani vyenye upana mmoja, bila kupima kimoja kimoja.

Njia hii si ya leo. Katika magofu ya mji wa Shanga, kisiwani Pate, na kule Tumbe, Pemba, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta vigae vya vyungu vyenye mifereji, ambavyo watu wa Pwani walitumia kusugulia shanga za simbi, yaani kombe za baharini, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nami nilichimba mfereji kwenye kigae cha chungu kilichovunjika nikajaribu. Kijiti kinakaa mferejini, hakitoroki, na duara linakuja lenyewe.

Mbegu ziko karibu na kifuu: komwe zilezile za bao, ukizipata zilizokomaa, zinatobolewa na kung'aa zenyewe. Zigandishe siku kadhaa kwenye friza kabla ya kutunga ili kuua wadudu walio ndani. Ila zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, za mturituri, waachie ndege. Sumu yake inaua, na kuitoboa ndiko kunakoifungua. Za mbarika nazo vilevile.

Maji, jasho na miaka

Karatasi iliyopakwa vanishi tabaka tatu, kila moja ikikauka kabla ya nyingine, inastahimili manyunyu na jasho la kawaida. Haistahimili kuoga nayo. Maji huingilia tunduni, mahali ambapo brashi haifiki, na ushanga unavimba kutoka ndani. Niliuza mikufu bila kusema hivyo, mmoja ukarudi umefumuka baada ya bahari. Sasa namwambia mteja kabla hajatoa pesa.

Kauri haijali maji, jua wala manukato, na rangi yake haipauki. Adui yake ni sakafu ya saruji.

Mfupa hauvunjiki upesi lakini haupendi kulowa na kukauka mara kwa mara, kwani hupata nyufa nyembamba. Kifuu ndicho chenye moyo wa kukaa mwilini. Jasho na mafuta ya ngozi vinakiongezea weusi na mng'ao, na kikipauka unakipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa. Kwa tasbihi inayoshikwa mara tano kwa siku sijaona kinachokishinda. Kwa shanga za kiunoni, zinazolala na kuoga na mwenyewe, ningechagua kifuu au kauri ndogo nyepesi, na karatasi nisingeifikiria.

Uzito na tundu

Karatasi ni nyepesi mno. Unaweza kuvaa mikufu mitano pamoja, na hereni kubwa haivuti sikio. Kifuu kinafuata, kisha mfupa, na kauri ni nzito. Mkufu wa kauri tupu unachosha shingo, kwa hiyo changanya.

Kuhusu tundu, liangalie kabla ya rangi. Kauri na mfupa huacha ukingo mkali unaosaga uzi mpaka ukatike, kwa hiyo lainisha kwa tupa nyembamba au tumia waya laini badala ya nailoni. Karatasi haikati uzi kamwe.

Kifua na macho ya fundi

Vumbi la mfupa na la kifuu ni baya kwa mapafu, na la mfupa linanuka kama nywele zilizoungua. Kata na usugue kwa maji, vaa barakoa, fanyia nje, watoto wakiwa mbali. Vumbi la udongo mkavu halionekani kuwa na neno lakini lina silika inayoharibu mapafu polepole, kwa hiyo usifagie chumba cha udongo, pangusa kwa kitambaa kibichi. Glezi uliza kama ina risasi, na ikiwa nayo iache. Karatasi hatari yake ni mvuke wa vanishi kwenye chumba kilichofungwa, ambao dirisha wazi linautosha.

Soko

Kwa kuwa karatasi ni rahisi kuanza, wengi wanayo, na bei inabanwa. Anayepata ni yule mwenye mpangilio wake wa rangi na umaliziaji safi. Kauri inaheshimika dukani, ila mnunuzi wa jumla atataka rangi ileile leo na miezi sita baadaye, jambo gumu kwa anayechoma kwa moto wa kuni. Mfupa una wateja wa mitindo na wageni, hasa ukiunganishwa na shaba ambayo mafundi hao hao wa Kibera huyeyusha kutoka mabomba na kufuli kuukuu. Jiandae tu kuulizwa kama ni pembe ya ndovu. Mwonyeshe mteja vitundu vidogo vyeusi kama vumbi la kalamu. Hivyo ni vya mfupa, pembe ya ndovu haina. Kifuu kina soko la ndani ambalo watu hulisahau: tasbihi za shanga 33 au 99, rozari za 59, bangili za kila siku. Soko hilo linataka shanga zinazolingana, na kusugua mferejini kunalingana.

Kulingana na hali yako

Una chumba kimoja, watoto wadogo, hakuna umeme wa uhakika, na unataka kuuza mwezi huu: karatasi. Weka pesa kwenye vanishi nzuri, hapo ndipo shanga za bei ndogo hutofautiana na za bei ya kueleweka.

Mko kikundi, na kuna joko la kukodi mnaloweza kulifikia bila kuvunja shanga njiani: udongo. Mtu mmoja peke yake atachoka, watu sita wakigawana kuviringisha, kutoboa, kupaka na kutunga, kazi inakwenda.

Umewahi kushika useremala au kazi ya chuma, una kiwanja cha nje na majirani wasiolalamikia harufu ya kuchemsha: mfupa. Usiuanze kama hupendi kusubiri, wala kama wateja wako hawatumii vitu vya mnyama. Waulize kwanza.

Unaishi Pwani, unatengeneza kidogo kidogo jioni, wateja wako huvaa kitu kimoja kila siku mpaka kichakae: kifuu.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, tengeneza shanga kumi za kila moja, zitunge kwenye uzi mmoja, uvae mkononi wiki nzima. Osha vyombo nazo, lala nazo, panda nazo matatu. Jumapili keti mwangani, uzitazame moja moja kuanzia tunduni.